Neno Nililolifuta
Nilipoghani shairi langu juu ya mdundo wa mashine ya ngoma iliyounganishwa na kompyuta, ulimi ulijikwaa. Nikaulaumu ubeti wa tatu, nikalifuta neno moja na kuweka jingine, ndipo nikahesabu mizani: 16 kila mshororo, kama awali. Kosa lilikuwa kwenye waya. Saa ya MIDI hutuma mapigo 24 kwa kila robo noti. Kompyuta ikielemewa na kazi nyingine, baadhi hukawia. Ukawiaji usiobadilika hufidiwa, kuyumba hakufidiki. Sasa mapigo hayo nayatoa kama sauti, kwa mwendo wa kadi ya sauti yenyewe, hadi kwenye tundu la mashine. Mdundo umetulia. Neno lile, kila nikilitafuta, silikumbuki.