Waraka wa Mtoto Asiyejua Kusoma

Kiswahili cha visiwani kina maneno mengi ya kufarikiana mke na mume, na kila neno lina uzito wake. Mwanamke aliyefunga sanduku lake akarudi kwao kwa hasira husemwa kuwa amesusa. Bado ni mke, na mlango u wazi. Aliyepewa talaka moja hukaa eda, na mume akimrejea kabla eda haijesha, ndoa huendelea pasi na mahari mapya. Aliyejikomboa kwa kurudisha mahari amejikhului. Aliyeandikiwa talaka tatu hana tena cha kusubiri. Na yupo yule asiyeachwa wala asiyetunzwa, ambaye mumewe alipanda boti asubuhi moja na habari zake sasa huletwa na watu wa pembeni. Huyo husemwa kuwa ametelekezwa, na pengine hali yake ni nzito kuliko za wenzake wote.

Maneno yote hayo humtazama mke na mume. Mtoto hamo. Washairi wa mwambao nao wameyalia sana machozi ya aliyeachwa na majuto ya aliyeacha. Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimuusia binti yake namna ya kukaa na mume. Namna ya kutokaa naye, hali ya kuwa kuna mtoto wa miaka mitano na mwengine wa miezi minane, ni somo lililoachiwa wazee, na wazee aghalabu hulifunga kwa maneno mawili: "Watoto watakula." Watakula nini, kutoka mkononi mwa nani, na siku gani, hilo haliulizwi kwa kuwa kuuliza kunaonekana ni kumvunjia mtu heshima.

Hapa ndipo hati ya makubaliano inapohitajika, na hapa pia ndipo inapoogopwa. Wapo wanaoiona karatasi kama hiyo ni ugeni, mambo ya mawakili wa mjini. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Suratun-Nisaa, inataka wapatanishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, pale inapohofiwa faraka. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara inamzungumza mtoto anayenyonya, na inataka hata kumwachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana, wala mzazi yeyote asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Ikiwa ziwa lina mashauriano, vipi dawa, sare na nauli ya skuli visiwe nayo? Na sura hiyohiyo, mbele kidogo, inaamrisha deni liandikwe.

Neno deni lina siri yake katika fiqhi. Kwa wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa zaidi katika pwani hii, nafaka ya mke ambayo mume hakuitoa hubaki shingoni mwake kama deni. Ya mtoto haiko hivyo. Siku ikipita bila ya baba kutoa, nayo hupita na siku yake, isipokuwa kama Kadhi alikuwa amekwisha kuifaridhisha. Mama aliyekopa unga dukani mwaka mzima kwa kuamini kwamba "siku moja atalipa" anaweza basi kugundua kwamba hana cha kudai. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya mapatano ya ukumbini kupelekwa Mahkama ya Kadhi yakaandikwe. Zanzibar mahkama hiyo inaongozwa na Sheria Nam. 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 imeyatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya ugomvi wa wakubwa. Sheha anaweza kusuluhisha, na wengi wao husuluhisha kwa busara kubwa, lakini neno la sheha halina nguvu ya amri.

Na hati iandikwe na watu wanaoijua riziki ya hao wanaoandikiwa. Na achukuliwe mvuvi wa dagaa wa Pemba ambaye mkewe analima mwani. Wazee wakikaa watasema: atoe kiasi kadhaa kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi upi? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka vyombo hulala pwani. Mke naye huenda shambani kwake maji yanapokupwa sana, siku za bamvua. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwaka 1989 na kuenea Pemba, wanawake wengi wa pwani wamepata fedha yao wenyewe, ingawa ni ndogo na bei yake haitabiriki. Riziki ya wazazi hawa wawili inafuata mwezi wa mbinguni, na mapatano yanayofuata kalenda ya ukutani yatavunjika kabla ya miezi mitatu. Iandikwe basi kwamba kila giza likimalizika, baba atatoa sehemu iliyotajwa ya fungu lake, kabla fungu halijaingia mfukoni. Akienda dago, atajwe kwa jina ndugu atakayefikisha. Kusi ikivuma na chombo kikakaa, mchele na mafuta vikubaliwe badala ya fedha. Mume anayeshindwa kutekeleza ahadi asiyoiweza huona haya, na mwenye haya hujificha. Wengi walioitwa watelekezaji walianzia hapo. Si wote, bila shaka. Wengine hawana haya hata kidogo.

Jengine ni nyumba. Mazoea ni kwamba mke akiachwa leo, jioni godoro lake limeshatoka na watoto wameshikwa mikono. Hali ya kuwa katika talaka rejea mke ana haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa mpaka eda imalizike, na Suratut-Talaq imekataza kumtoa. Desturi imeishinda sharia, na watu wanaiita desturi hiyo dini. Miezi hiyo ya eda ingekuwa wakati wa kukaa na kuandika kwa utulivu, kwani watoto bado wamo katika chumba chao na hasira inaanza kupoa.

Halafu kuna miaka saba. Hadhana ya mtoto mdogo ni ya mama, na baba ndiye anayetoa nafaka. Mtoto akifikia kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba au minane, Mashafii humpa hiari ya kuchagua wa kukaa naye. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haifuatwi Zanzibar, nayo inachukulia kwamba wa chini ya miaka saba ni bora awe na mama, mpaka ithibitike vyenginevyo. Lamu na Mombasa, ambako makadhi wamo ndani ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Katiba hiyohiyo inawapa wazazi wote wawili wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Njia ni mbalimbali, lakini kila mahali umri unatembea na hati inabaki pale pale.

Kwa hiyo waandike pia watakapokutana tena. Mama akiolewa na mtu asiye wa ukoo wa mtoto, hadhana yake hutetereka, na nafasi ya kwanza baada yake ni ya bibi mzaa mama. Jina la bibi huyo liwemo tangu mwanzo, asije akatafutwa siku ya harusi. Baba akioa, nauli ya skuli isiwe ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Sikukuu zigawiwe: Idi hii kwa huyu, ijayo kwa yule, na nguo mpya ziwe na mwenyewe wa kuzinunua. Watu husema wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi hazina masikio. Mtoto anayala matusi ya baba yake pamoja na wali, na hakuna kifungu cha kuzuia masimango jikoni. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba mtoto hatatumwa kwenda kudai fedha.

Na yule wa miaka mitano, akifika saba na kuulizwa anamtaka nani, asiulizwe mbele ya wote wawili. Hilo nalo liandikwe. Nakala moja ibaki kwa Kadhi, moja kwa mama. Ya baba, kama ni mtu wa dago, ikae kwa dada yake, maana karatasi na maji ya chumvi havipatani.