Filimbi si kitu ya batoto



Komite ya wanafunzi imeleta shauri: zile filimbi tano za plastiki zilizo katika kabati ya prefe zipewe shule ya msingi, na franga za muziki zinunue piano ya umeme. Kura itapigwa mwezi huu. Mimi ni mmoja wa wanaopiga filimbi hizo kila siku ya tano kisha masomo, na wenzangu wamekwisha kunicheka vya kutosha. “We mukubwa na ndevu, unapiga kitu ya batoto ba primere!” Kwa hiyo nimeona vema niandike kidogo juu ya watu ambao filimbi hii ndiyo kazi yao, inayowalisha.

Filimbi ninayosema ni ile Wafaransa wanaita flûte à bec, maana mdomo wake uko sawa na wa ndege. Iko na matundu saba mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Ndani ya mdomo kuna kizibo kinachoacha njia nyembamba. Pumzi inapita pale, inagonga ukingo mkali, sauti inatoka. Ni hiyo tu. Mtoto wa miaka sita anaweza kuiliza siku ya kwanza, na dharau inaanzia pale.

Zamani haikuwa hivi. Kwenye mwaka 1540 mfalme Henry wa 8 wa Uingereza alileta kwake ndugu wa ukoo wa Bassano kutoka Venice, wapige filimbi pamoja katika nyumba ya mfalme, kwa mshahara. Kundi hilo, watoto wakishika nafasi ya baba zao, lilidumu mpaka 1630. Mfalme alipokufa mwaka 1547, waliohesabu mali yake walikuta filimbi zaidi ya 70. Baadaye vyombo vya sauti kubwa vikashinda, na filimbi ikasahauliwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1919 mtu mmoja aliyekaa Uingereza, Arnold Dolmetsch, alipotelewa na filimbi yake ya kale: mtoto wake mdogo aliacha mfuko kwenye gare ya Waterloo, London. (Baba gani hangempiga?) Dolmetsch akaunda nyingine mwenyewe, na hiyo ilisaidia sana filimbi kurudi. Kisha vita ya pili zikaja za plastiki, zikaenea katika masomo ya dunia nzima, na heshima ikashuka tena.

Lakini wako walioishika kwa nguvu. Mwalimu mmoja alituonyesha kwenye simu yake wanaume wane wa Amsterdam, Loeki Stardust Quartet. Walianza mwaka 1978 wakiwa wanafunzi, wakashinda mashindano ya Bruges mwaka 1981, wakapiga pamoja mpaka 2007. Wabelgiji nao walikuwa na Flanders Recorder Quartet, toka 1987 mpaka 2018. Wabelgiji tunawakumbuka kwa mengine, lakini kwa hili tuwasifu.

Kundi kama hilo halitembei na filimbi nne. Linatembea na masanduku. Iko ndogo inayoenea katika kiganja, iko soprano kama zetu, iko alto, tenor, basi, na kubwa zaidi kupita kimo cha mtu. Mjerumani Herbert Paetzold aliunda basi za pembe nne kwa mbao, na ukiiona utafikiri ni sanduku lililosimamishwa. Sauti yake ni sawa mota ya mashua iliyo mbali ziwani usiku.

Sasa sikilizeni ugumu wake. Mpiga gita akitaka kusikika anapiga kwa nguvu. Filimbi haikubali. Ukipuliza nguvu, noti inapanda. Ukipuliza polepole, inashuka. Hata joto linaipandisha, na sisi wa Kalemie tunalijua joto. Basi hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa kelele. Katika kwaya yetu, sauti ya tatu ikipotea, soprano wanaifunika (tulisikia wenyewe). Katika filimbi nne hakuna pa kujificha: mmoja akikosa kidogo tu, sauti zinatetemeka, zinauma masikio. Wale wane hawana wa kuwaongoza kwa mkono. Wanavuta pumzi pamoja, njo alama yao.

Na wanapiga nini? Nyimbo za Anthony Holborne, zilizochapwa mwaka 1599, ziko 65 za sauti tano, na zinaweza kupigwa na vyombo vya namna nyingi. Wale wa Amsterdam walirekodi pia fuga za Bach. Fuga tunaijua bila kujua jina: sauti moja inaanza, ya pili inaingia na maneno yale yale, kisha ya tatu, kila mmoja anashika njia yake. Wako pia watungaji wa leo wanaotaka tu pumzi na vidole vikigonga matundu. Hiyo, kusema kweli, sijaipenda bado.

Mtu asiniambie ni mambo ya Wazungu tu. Filimbi nyingi nzuri zinachongwa kwa mpingo, na mpingo unatoka Tanzania, ng'ambo ya ziwa hili. Na hapa Kongo, Wakimbangu wako na FLUKI yao, wapiga filimbi wakubwa kwa wadogo. Wao wanailaza kando ya mdomo, lakini hakuna anayewaita batoto.

Piano siikatai. Ila nauliza: umeme wa Bendera ukikatika, tutapiga nini? Filimbi inataka pumzi tu. Shida yetu ni nyingine: zote tano ni soprano, sawa kwaya ya wasichana peke yao. Ningeomba alto moja na tenor moja kwanza, piano ingojee.

Siku ya tano ijayo, saa tisa, tutapiga wimbo wa sauti mbili chini ya mwembe, nyuma ya jiko. Watu wa komite waje kusikiliza mbele ya kupiga kura. Kila mmoja abebe kiti yake.