Kioo chenye mistari na akiba ya wamama

Kompyuta ya chama chetu inabeba hesabu ya akiba yetu sote: nani ameweka, nani amekopa, nani bado anadaiwa. Kadi yake ya picha ilikufa. Katika laptop nyingi kadi hiyo imechomelewa kwenye ubao mkuu, lakini yetu ni mojawapo ya zile chache ambazo kadi hutoka, basi fundi akaweka nyingine. Iliporudi, kioo kilijaa mistari ya rangi. Wengine wetu walitaka tununue mashini mpya kwa pesa za sanduku la msaada, zile tunazowawekea wagonjwa na wafiwa.

Kabla ya kugusa sanduku, tulipima mambo matatu. Tuliiwasha: mistari ilitokea tangu alama ya kiwanda, kabla Windows haijaanza. Basi kosa halikuwa la programu. Tukaiunganisha na televizyo kwa waya wa HDMI: picha safi. Basi kadi mpya ilikuwa nzima, na papo hapo tukanakili hesabu zote kwenye fleshi. Mwisho tukainua na kushusha kifuniko polepole: mistari ikabadilika. Hapo tukashuku waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo.

Tulimweleza fundi tuliyoyaona. Alizima, akatoa betri, akausukuma waya mahali pake. Mistari ikaisha.

Wamama, chombo kikiharibika nyumbani, tuulize kwanza ni sehemu gani. Sanduku la msaada halikuguswa, na siku ya kugawa akiba kila mmoja atasoma hesabu yake.