Linachemsha Lini?

Gari lilichemsha Jumapili moja ya Agosti, tukipandisha kutoka Muze. Kwenye buti kulikuwa na magunia mawili ya mchele, na kiti cha nyuma alikaa shangazi yangu, aliyekataa kukaa mbele kwa sababu, kwa maelezo yake, mbele ndiko wanakofia watu. Anayeijua njia ile hahitaji maelezo. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga mjini inakaribia 1,800, na tofauti hiyo unaipanda karibu yote kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, gia ya kwanza, kona juu ya kona. Mshale wa joto ukaondoka katikati, ukaanza kupanda na sisi. Nikazima. Mvuke ukatoka chini ya boneti.

"Wamekuroga," shangazi akasema, nusu utani.

Nilicheka. Msomi mzima, ningefanya nini kingine? Lakini kufikia kesho yake mchana na mimi nilikuwa nimeshampata mchawi wangu.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1994, nililoachiwa na baba. Wiki mbili kabla ya safari hiyo, kijana mmoja anayetengeneza magari chini ya mti karibu na kwetu alinibadilishia mpira wa juu wa rejeta. Kabla hajaligusa halikuchemsha, ameligusa, linachemsha. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee, akafungua mahali inapokaa thamosteti. Patupu. Thamosteti ni kidude kidogo chenye nta ndani yake: injini ikiwa baridi kinazuia maji yasiende kwenye rejeta, ikipata joto nta inatanuka na njia inafunguka. Mimi nilichoona pale ni shimo, na kwenye shimo nikaona wizi. Sikusubiri mzee amalize. Nikaenda kijiweni tunapokunywa chai na kusema kwa sauti, mbele ya watu wanaonifahamu kwa upole, kwamba yule kijana ni mwizi, ametoa thamosteti yangu akaiuza.

Niliporudi, mzee alikuwa ananisubiri na maswali.

"Inachemsha ukiwa umesimama kwenye foleni, au ikitembea?"

"Mzee, Sumbawanga foleni iko wapi?"

"Basi jibu."

Ikitembea. Kupanda tu, na mzigo. Akaniambia gari likichemsha likiwa limesimama, shuku feni kwanza. Likichemsha mlimani, shuku rejeta. Asubuhi ukiwasha injini ya baridi na mpira ukawa mgumu papo hapo, au mapovu yakawa yanatoka kwenye rejeta bila kukoma, hapo ndipo uanze kuogopa gasketi ya silinda hedi. Akachomoa stiki ya oili: oili safi, haijawa kama chai ya maziwa. Akanishikisha rejeta. Juu paliunguza, chini, katikati, kulikuwa na sehemu za baridi kabisa, kwa maana kwamba maji hayapiti. Tulipolisafisha yalitoka matope mekundu, kutu ya miaka mingi ya maji ya kisima. Mbele, kati ya vile vibati vyembamba, mbegu za majani zilikuwa zimejaa hadi hewa haina pa kupita.

Kisha mfuniko. Mpira wake ulikuwa umepasuka, springi imelegea. Hapa kwetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko mzima unayabana ndani mpaka yavumilie zaidi ya nyuzi 110. Uliokufa hauyabani, nayo yanafanya kama maji ya ugali.

(Huyu mzee hupenda kusema babu zake Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. "Wao walitafuta hewa ilete moto, sisi tunaitafuta iuondoe.")

"Na thamosteti?" nikauliza.

Akanionyesha bolti. Kwenye injini hii thamosteti inakaa upande wa mpira wa chini. Kijana alibadilisha wa juu. Bolti za huku zilikuwa na kutu iliyoshikana, na gasketi yake ya karatasi imekauka kama gamba. Pale hapakuwa pameguswa miaka mingi.

Usiku nikafungua daftari la baba. Alikuwa mwalimu, aliandika kila kitu. Juni 2011: *Fundi ametoa thamosteti. Kasema Afrika haihitajiki.* Juni, Sumbawanga, mwezi ambao watu wanaingia kanisani na makoti mawili! Kukosekana kwake kulifanya injini ichelewe kupata joto na kunywa mafuta. Na kabla ya Muze, tangu nilirithi gari lile, sikuwahi kulipandisha mlima wowote. Lilikuwa gonjwa siku zote, sikuwa nimelipa nafasi ya kusema.

Kuna jambo jingine nililokuwa nimelisahau, au nimejisahaulisha. Kijana alipomaliza kufunga ule mpira aliniambia, "Kaka, mfuniko huu umekufa, na rejeta inataka kuoshwa." Nilidhani ananitafutia hela ya juu.

Jina la mji wetu wenyeji hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Wageni wanalicheka, na sisi tuliosoma huwa tunajitetea haraka kwamba hayo ni ya zamani.

Nilimkuta chini ya mti wake, anafungua gurudumu la bajaji. Nikamweleza yote, pamoja na la daftari. Aliendelea kufungua nati.

"Nilisikia," akasema. "Wateja wawili hawajarudi."

Nikaomba radhi. Akasema sawa, kaka, kisha akauliza kama mfuniko mpya nimenunua wa namba gani, akataka auone. Ulikuwa sahihi. Siku hiyohiyo jioni nilirudi kijiweni, nikasema kwa sauti ileile, ingawa nakiri ilitoka ndogo zaidi. Wale wateja wawili nawajua. Mmoja nimeshakwenda kwake. Wa pili amehamia Namanyere, na simu yangu hapokei.