Kuteleza kwa Hiari: Kijana, Kona na Gari Kuukuu

Wahenga waliacha methali isemayo kuteleza si kuanguka. Yamkini waliyatamka maneno hayo wakiwa na matope ya masika akilini wala si lami. Hata hivyo, ukweli wa methali hiyo haudhihiriki popote kama unavyodhihirika katika mchezo wa kupitisha gari konani likienda kwa ubavu, mchezo uliolelewa nchini Japani na ambao vijana wengi duniani huuita drifti. Kiswahili kina bahati ya kuwa na vitenzi viwili vinavyoufaa. Kuteleza ni tukio linalomfika mtu bila ya hiari yake. Kuserereka, aghalabu, ni tendo la mwenye kutaka, kama mtoto anayekalia ubao na kujiachilia mtelemkoni huku akicheka. Ufundi wote wa mchezo huu umo katika mpaka mwembamba uliopo baina ya vitenzi hivyo viwili: dereva huanza kwa kuliteleza gari makusudi, kisha huutawala mtelezo huo hadi ukageuka kuwa mserereko.

Kabla ya ufundi huo kupatikana, hata hivyo, sharti gari lipatikane. Hapo ndipo kijana asiye na urithi wala mfadhili huingia katika mtihani wake wa kwanza. Anataka gari la bei nafuu, lililokwisha tumika, ambalo atalipeleka kwenye uwanja wa mbio mwishoni mwa wiki na kulisukuma hadi kikomo cha uwezo wake. Swali linalomkabili laonekana dogo: anunue gari gani? Ama kweli, swali hilo hubeba maswali mengine makubwa kuhusu pesa, tamaa, subira na uhai.

Historia ya mchezo wenyewe inatoa nusu ya jibu. Katika miaka ya 1970, dereva Kunimitsu Takahashi, aliyekuwa ameshinda mashindano ya pikipiki ya dunia nchini Ujerumani Magharibi mwaka 1961 kabla ya kuhamia kwenye magari, alijulikana kwa namna yake ya kuingia konani kwa kasi huku magurudumu ya nyuma yakiserereka. Kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1956, Keiichi Tsuchiya, alivutiwa na mtindo huo, akauendeleza katika barabara za milimani. Hatimaye akaitwa mfalme wa drifti. Mwaka 1995 mwalimu na mwanafunzi huyo walishirikiana katika gari moja aina ya Honda NSX, pamoja na Akira Iida, wakashinda katika daraja lao kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Lakini gari lililolitangaza jina la Tsuchiya halikuwa la fahari kama hilo. Lilikuwa Toyota ya kawaida yenye namba ya siri ya kiwandani AE86, iliyoundwa kati ya 1983 na 1987. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,587 tu, na uzito wake haukufika tani moja. Wakati Corolla nyingine za kizazi hicho zilikuwa zimehamia mfumo wa kusukumwa na magurudumu ya mbele, AE86 ilibaki na mfumo wa zamani wa kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kilichoonekana kuwa ni uchelewaji ndicho kilichokuja kuwa hazina.

Sababu yake haihitaji elimu ya uhandisi. Dereva anapofunga breki akiingia konani, uzito wa gari huinamia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Akivuta breki ya mkono, au akikanyaga klachi na kuiachilia ghafla huku injini ikivuma, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko na mkia wa gari huanza kutoka nje. Wakati huo dereva hugeuza usukani kuelekea upande ule ule ambako mkia unakwenda, kisha huupima mguu wake kwenye kibati cha mafuta ili mtelezo usizidi wala usikatike. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele haliwezi kuuendeleza mchezo huo, kwa kuwa magurudumu yake ya nyuma ni abiria tu. Hukokotwa bila kusukuma. Kwa hiyo mnunuzi hutafuta mambo matatu: nguvu iende nyuma, gia ziwe za mkono, na mwili wa gari uwe mwepesi. Nguvu nyingi za injini si sharti. Gari dhaifu humfunza mwanagenzi kuitunza kasi aliyo nayo. Gari lenye nguvu kupita kiasi humficha makosa yake hadi siku yatakapofichuka yote kwa pamoja.

Fauka ya hayo, kuna haja ya kutofautisha makusudio mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Siku ya uwanjani ya kushindana na saa hudai mshiko: matairi mazuri, breki imara, na mwendo ulionyooka. Drifti haishindani na saa. Waamuzi wake hutazama pembe ya gari, kasi, njia iliyofuatwa na umaridadi wa tendo zima, kama vile wahakiki wanavyoupima ushairi kwa mizani na mtiririko wake wala si kwa idadi ya beti. Gari dogo la Mazda MX-5, lililozinduliwa mwaka 1989, husifiwa sana viwanjani kwa wepesi wake. Hata hivyo, umbali kati ya ekseli zake mbili ni milimita 2,265 tu, na gari fupi hugeuka ghafla mno mkia unapotoka. Nissan Silvia ya 1988, yenye milimita 2,475, huonya kabla ya kuasi. BMW za miaka ya 1990 zenye milimita 2,700 huonya mapema zaidi. Mwanagenzi anahitaji gari linaloonya.

Baada ya kuyajua hayo, kijana hurudi kwenye mfuko wake. Aghalabu hapo ndipo hukosea hesabu. Akiwa na shilingi 600,000, huzunguka yadi akitafuta gari la shilingi 600,000. Hajui kwamba bei ya kununulia ni mlango tu, na kwamba nyumba yenyewe imo ndani. Matairi ya nyuma huliwa kwa saa chache za kuserereka. Maji ya breki yakizeeka hufyonza unyevu wa hewani; yakipashwa moto na kona nyingi huchemka, na kanyagio huzama hadi sakafuni wakati ule ule linapohitajika. Rejeta iliyotosha kwa safari ya sokoni haitoshi kwa injini inayozunguka kwa kasi ya juu mfululizo. Kiti kinachomshika dereva barabara, mikanda na helmeti si mapambo. Mwenye busara hutenga kiasi kinachokaribia nusu ya akiba yake kwa mambo hayo, na kwa nusu iliyobaki ndipo hununua gari. Wahenga waliofupisha wakasema "rahisi ghali" walikuwa wamekwisha kumaliza hesabu hiyo.

Hesabu hiyo haifanywi na mwenye gari peke yake. Katika familia nyingi za Kenya mshahara wa kwanza huwa na wenyewe hata kabla ya kulipwa: kuna karo ya mdogo, paa la mama, na ploti ambayo kila mjomba husisitiza inunuliwe mapema. Mama anayesikia kwamba mwanawe anataka gari la pili ambalo halitabeba abiria wala mzigo huuliza swali ambalo hakuna fundi awezaye kulijibu: "Mwanangu, gari hilo litakubeba wewe, au wewe ndiwe utakayelibeba?" Kijana akisema, "Mama, ni la michezo tu," huwa hajajibu. Jibu la kweli ni kiasi. Gari la mchezo linapaswa kuwa lile ambalo likivunjika leo, karo italipwa kesho vilevile. Huo ndio ufafanuzi wa kufaa zaidi wa neno nafuu: si bei iliyo chini ya bei za wengine, bali hasara ambayo mwenye nayo anaweza kuistahimili.

Uchunguzi wa gari kuukuu nao una adabu yake. Muuzaji husifu rangi. Mnunuzi mwerevu hutazama chini. Magari yaliyotoka maeneo ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huweza kuficha kutu kwenye fremu na mahali zinapofungiwa springi. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kukutwa na utando mweupe kama maziwa, yamkini maji na oili vimekutana mahali visipostahili. Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto huashiria maji. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Pengo la mlango lisilolingana na la mlango wa pili husimulia ajali ambayo muuzaji hakuisimulia. Kuna pia gari ambalo difu yake imechomelewa ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Hiyo ni hila ya maskini, nayo huufaa uwanja, lakini gari la namna hiyo likitumiwa mjini hung'ang'ana na kona na kuyasaga matairi yake. Rangi iliyobabuka na redio iliyokufa, kwa upande mwingine, ni rafiki wa mnunuzi. Hupunguza bei bila kupunguza mwendo.

Nchini Kenya uchaguzi huo una mipaka yake. Kanuni ya ubora wa bidhaa inayosimamiwa na KEBS hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maadamu ni hivyo, AE86 na Silvia za kale hazishuki tena bandarini Mombasa kama bidhaa ya kawaida. Kijana hulazimika kutazama yaliyomo nchini tayari: Toyota Altezza ya 1998 hadi 2005, ambayo baadhi yake ilikuja na gia za mkono, BMW za zamani, au Mark X, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma lakini yenye uzito wa takriban tani moja na nusu na gia za otomatiki. Kila moja ina kasoro. Kigezo kinachoamua aghalabu si ubora wa gari bali wingi wa ndugu zake. Gari ambalo vipuri vyake vimejaa katika vibanda vya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, litarudi uwanjani mwezi ujao. Gari la nadra litangoja chini ya turubali hadi mwenyewe aoe.

Wala mtu asidhani kwamba gari lililotumika ni fedheha. Mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant waliingia katika Safari Rally wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kukimbizwa na dereva mwingine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wakashinda. Ndugu hao waliijua mitambo kwa mikono yao, na ujuzi huo uliziba pengo ambalo pesa hazikuliziba.

Kuna kinaya kimoja hapa. Mwaka 1995 mchoraji Shuichi Shigeno alianza kuchapisha hadithi ya picha iitwayo Initial D, iliyoendelea hadi 2013, ambamo kijana mpeleka tofu huwashinda wenye magari ya kifahari kwa kutumia AE86 ya babake. Hadithi hiyo iliutukuza unyonge wa gari, na kwa kuutukuza ikauondoa. Vijana wa mabara yote walilitaka gari lile lile, bei yake ikapaa, na leo maskini wa kweli hawezi kulinunua gari la maskini wa hadithi. Anayelitafuta kwa ajili ya jina atalipia jina. Anayetafuta kujifunza hana budi kuchagua gari ambalo bado halijaimbwa.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Barabara za milimani alikokulia ufundi Tsuchiya zilikuwa barabara za watu, na usiku una wapita njia wake pia. Barabara ya umma haina mahali pa kukosea: pembeni mwake pana mama muuza mboga, mwenye baiskeli, na mtoto arudiye kutoka dukani. Uwanjani, kuteleza si kuanguka, maana kosa humalizikia kwenye nyasi na vumbi. Barabarani, kuteleza kwa mmoja huweza kuwa kuanguka kwa mwingine asiyejua kwamba kulikuwa na mchezo. Kwa hivyo, gharama ya kiingilio cha uwanja ni sehemu ya bei ya gari, na asiyeweza kuilipa hajawa tayari kulinunua, hata kama muuzaji angempa bure.

Gari kuukuu lililochaguliwa vyema, basi, ni mwalimu wa ajabu. Humfunza kijana kusoma alama zilizofichwa chini ya rangi, kutenga fungu la kesho, na kuitambua sekunde ile ambapo mshiko unaisha na hila inaanza. Likimfikia mwisho wa safari yake likiwa limechakaa kabisa, huwa limetimiza kazi iliyolinunulisha. Mabati hukunjuliwa, injini hubadilishwa, na hata gari zima hupatikana jingine kwa majirani. Aliyeketi nyuma ya usukani hana kipuri chake Kirinyaga wala Japani.