Presha ya Bibi Yako

Dabaso

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na pesa pia. Zile za mganga nimeziweka kando.

Waandika kwamba bibi yako kusahau majina ya wajukuu, na kutoka usiku akishika njia ya Mida akidhani kumekucha, ni mkono wa mtu. Hapa Kilifi maneno hayo hayaishii kwa mganga. Leo mzee amerogwa, kesho yeye ndiye mchawi, kwa kuwa ana mvi na anaongea peke yake. Wapo wazee waliokimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, wakiogopa panga za jamaa zao wenyewe. Sitaki mambo hayo yaingie kwetu.

Tuanze na moyo wake. Ana presha miaka mingi, na vidonge alivimeza siku alizoumwa kichwa tu. Presha ikikaa juu, chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwili mzima, hupambana nayo hadi misuli yake ikanenepa. Mpiga kasia akijaa misuli mikononi ni sifa, moyo sivyo. Ukuta ukinenepa hukakamaa, damu haiingii kwa urahisi, na chumba cha juu yake hulemewa, kikatanuka na kulegea. Hapo mapigo huweza kuvurugika, damu ikatuama ikaganda, na bonge likipanda kichwani ndicho kiharusi. Viko viharusi vidogo visivyopinda mdomo wala kulemaza mkono. Akili hupungua kidogo kidogo, na nyumbani wakasema ni uzee. Presha hiyohiyo huharibu mishipa myembamba ya ubongo. Na ubongo ni mlaji: uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wazee zaidi ya 4,000 walieleza kwamba wale ambao chumba chao cha juu cha kushoto kilifanya kazi vibaya walipata zaidi dimentia, ugonjwa wa kusahau, hata wasiokuwa na mapigo yaliyovurugika. Sisemi kila asahauye ana moyo mbovu. Hata wa bibi yako siusemi mpaka upimwe.

Sasa wewe. Mama yako ameniambia ulipimwa kazini ukakutwa na 150 kwa 95, ukacheka. Moyo hunenepa bila kuuma, na kazi hiyo huianza mapema, katika umri wako huo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa lengo la kushusha presha, namba ile ya juu, hadi chini ya 120 walianza kupungukiwa kumbukumbu kwa uchache kuliko wale ambao lengo lao lilikuwa chini ya 140. Namba inayokufaa wewe ataisema daktari, si mimi. Ila ng'onda ipunguze, na mnazi pia. Usidhani sijui unakonywea.

Pesa za mganga zitatupeleka hospitali Malindi, na zitakazobaki ni za picha ya moyo, daktari akiitaka. Njoo Jumapili ulale hapa, tuondoke naye Jumatatu alfajiri. Uje na kile kitabu chake cha kliniki kilichobaki kwako. Nawe utapimwa hukohuko. Binamu zako wakiuliza habari za mganga, waambie mjomba amekataa, wanipigie mimi.

Mjomba wako