Hebu Avae Shati Mwenyewe

Katika wodi ya wazee ninakofanya kazi hapa Uingereza, kazi ngumu kuliko zote ni kujizuia kusaidia. Mzee aliyepata kiharusi anahangaika na shati lake, nami nimesimama karibu nikimwelekeza: tia kwanza mkono uliolemaa, ule mzima ufuate. Mtaalamu wa tiba ya viungo huja kwa muda mfupi akaenda zake. Saa zilizobaki ni zetu wauguzi. Tunamgeuza usiku, tunamtembeza hadi chooni, tunahakikisha anakula akiwa ameketi kitini.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, daktari Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee walioachwa vitandani. Alianza kuwaamsha, na wengi wakarudi makwao. Kisha mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake wakaonyesha kwamba kumgeuza mgonjwa mara kwa mara huzuia vidonda vya kulala vizuri zaidi kuliko dawa za kupaka.

Kwetu Satellite, mtaa wa Nairobi, mzee akianguka hukimbizwa hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta. Nesi ana wagonjwa wengi mno, basi watu wa nyumbani ndio huja na uji kwenye thermos, wamwoshe, wamlishe. Upendo huo nauheshimu sana. Huku Uingereza nauguza wazee wasiotembelewa na mtu wiki nzima. Lakini kwetu tunamlisha hata mwenye mkono mzima! Tunamwambia, "Tulia, guka (babu), usijichoshe," na kumbe siku chache za kulala tu zinatosha kumnyang'anya mzee nguvu za kusimama.

Siombi Nairobi iige London. Naomba nesi apewe muda wa kumfundisha binti aliyekuja na uji, maana ndiye atakayeendelea na kazi nyumbani. Na aulize habari za nyumba: choo cha ploti kiko nje? Mnakaa ghorofa ya ngapi? Nyumba nyingi za kupanga kwetu hazina lifti, na mzee anayetembea vizuri kwenye sakafu ya wodi huenda akashindwa na ngazi za kwake. Azizoee angali hospitalini, mwanawe akiwapo: kupanda aanze na mguu wenye nguvu, kushuka aanze na ule dhaifu. Hayo yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, pamoja na dawa, kwa Kiswahili.